Ubao wa Kadi Dukani kwa Papa Ramazani

Feza alizikwa siku ya Alhamisi, na mimi nilifika Likasi Ijumaa, nimechelewa kwa sababu lori lililotutangulia lilikwama njiani na kuziba barabara nzima. Waliniingiza katika chumba cha wanawake, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, wakanipa chai ya tangawizi na kipande cha mkate, na binti yake Zuhura akaja kuketi karibu nami. Alikuwa amelia mpaka sauti yake imepungua. Baada ya muda akatoa simu, akanionyesha tovuti anayoitengeneza na wenzake wawili, ambamo watu wa mji wanaandika maneno machache juu ya saluni, mgahawa, fundi au zahanati waliyokwenda, wanatia nyota, wengine wanasoma. "Mama alikuwa anacheka tu," aliniambia. "Alisema, 'Hii kazi tulifanyaka minye na Léonie, bila umeme.' Nilifikiri ni mchezo. Ni kweli, Mama Léonie?" Nikamwambia ni kweli, nikamweleza habari za mlango wa kabati, misumari na kadi. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na muntu akiandika uongo, mulikuwa munafanya nini?" Chumba kilikuwa kimejaa watu, nikasema tutaongea siku nyingine. Ninaandika hapa kile ambacho sikuweza kumjibu pale.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, napiga taipu katika ofisi ya stoo ya vipuri, kwenye kiwanda kilichokuwa kinazimika kidogo kidogo kama jiko la makaa lisiloongezwa. Tulikwenda kazini kila asubuhi kwa sababu hatukujua pengine pa kwenda. Mkuu wetu, mzee mpole aliyeendelea kuvaa tai hata baada ya feni kuacha kuzunguka, alitusalimia mmoja mmoja, akaketi, akafungua gazeti lile lile la miezi iliyopita. Vipuri vya kuandika havikuwapo. Mshahara ulikuwa umegeuka kama habari za ndugu aliyesafiri: watu waliuliza kwa heshima kama kuna mtu amesikia lolote. Niliipangusa mashine yangu vumbi mara mbili kwa siku, na vidole vikianza kuwasha nilipiga taipu majina ya watakatifu, au orodha ya vitu vilivyoonekana dirishani. Sasa nikikumbuka chumba kile, sikumbuki njaa wala hofu kwanza. Nakumbuka makabati ya chuma yaliyojaa kadi safi, maelfu ya kadi ngumu za kuandikia vipuri ambavyo havingekuja tena, na ukimya wa watu wazima waliokuwa wanangoja saa ya kutoka.

Niliishi kwa shangazi yangu, Tantine Odile, mtaa wa Panda, katika vyumba viwili vyenye sakafu nyekundu aliyoing'arisha kwa nta hata nta ilipoadimika. Tulikula mara moja kwa siku, saa kumi hivi, ugali tunaouita bukari na dagaa wa kapenta, au bukari na mboga za lenga-lenga, na wakati wa kula Tantine alipenda kuzungumza juu ya chakula kingine. Ndivyo mazungumzo ya mji mzima yalivyokuwa. Zamani mtu wa Likasi hakuhitaji kuuliza mkate mzuri uko wapi. Duka la kiwanda lilikuwa moja, unga ulikuwa mmoja, hata daktari alikuwa mmoja. Duka lilipofungwa, kila nyumba ikawa duka. Karani akapika sabuni, fundi mitambo akashona viatu, mwalimu akachoma sindano uani kwake. Tantine naye alianza kuoka mikate midogo katika tanuri ya udongo nyuma ya nyumba, ikawa inatoka mizito, imeungua chini, naye akaiita ya mashambani. Kila mtu alikuwa anauza, wala hakuna aliyejua ni nani anayeuza kitu cha kweli. Bombani, kanisani, foleni ya chumvi, swali lilikuwa hilo hilo: wapi, kwa nani, na wewe ulipata nini?

Feza nilisoma naye kwa masista, yeye na dadake wakiwa wasichana pekee wa Kiislamu darasani. Baba yake, Papa Ramazani, alikuwa na duka karibu na soko la Kikula, duka refu lenye rafu za mbao mpaka darini, na mwaka ule rafu zilikuwa tupu kiasi kwamba ukikohoa ndani, sauti inakurudia. Harufu ya karafuu na mafuta ya taa ilikuwa imebaki ingawa vyenyewe havikuwapo. Nilipitia pale kila jioni nikitoka kazini, mama yake akatupa chai, na Feza akanisimulia maswali aliyoulizwa mchana kutwa na watu walioingia dukani bila kununua. Siku moja nilitoa mfukoni kadi moja ya ofisi kumwandikia fundi aliyenitengenezea kiatu, kwa sababu nilikuwa na hasira naye. Niliandika: "Fundi viatu wa karibu na kituo cha treni. Soli yangu ilingoja mvua ya kwanza, ikaniaga. Léonie." Feza aliisoma, akacheka, akachukua msumari akaipigilia nje kwenye fremu ya mlango. Kesho yake tulikuta mtu ameandika chini yake kwa kalamu: "Hata yangu." Keshokutwa fundi mwenyewe alikuja. Tulijificha nyuma ya kaunta. Alisoma, akakuna kichwa, akasema, "Mwambieni alete kile kiatu." Akakishona upya, na soli ile ilidumu mpaka nilipoolewa.

Basi tukaanza kwa makusudi. Papa Ramazani alitupa mlango wa kabati uliovunjika bawaba, tukauegemeza kwenye ukuta wa baraza, tukapigilia misumari kwa safu. Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu kuchukua kadi, alinitazama kwa muda, akasema, "Chukua, mwanangu. Angalau ziandikwe kitu." Nilibeba boksi moja dukani, na jingine, la kadi zilizokuwa za zahanati ya kiwanda, nikaliweka chini ya kitanda changu kama akiba. Sheria zilikuwa za Feza. Maneno yasizidi ishirini. Utie jina lako. Na iwe ni kitu ulichonunua au ulichotendewa wewe mwenyewe. "Usiandike kile ulisikia," aliwaambia watu, mikono kiunoni. "Andika kile ulikula." Wasiojua kuandika walimtamkia, naye akaandika vile vile walivyosema, bila kupamba.

Kadi nyingi nimezisahau, lakini chache ziko kichwani mpaka leo. "Sabuni ya Papa Donat: inatoa uchafu wa shati na ngozi ya mikono." "Pombe ya munkoyo ya nyuma ya parokia: siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili unaimba." "Mwalimu anayechoma sindano: anachemsha mbele yako, nimeona, mara mbili." "Lori la bluu la Kambove: dereva hanywi. Breki nazo hazishiki." Watu walisimama mbele ya ubao wakasoma kwa sauti, wakabishana, wakacheka, na katika mji ambao hata redio ilikuwa inanong'ona, kicheko kile kilikuwa na kazi yake. Baada ya miezi mitatu ubao mmoja haukutosha. Nikawa nabeba kadi ofisini kila Jumatatu, nazipiga taipu na karatasi za kaboni, nakala tatu: moja ya Panda kwenye ukuta wa parokia, moja ya kituo cha treni, moja dereva wa lori la bluu aliipeleka Kambove, ingawa breki zake zilikuwa zimetajwa humo. Mkuu wangu alisikia mashine inalia, akainua kichwa, akatabasamu. Ninakiri kwamba nilianza kujiona mtu mkubwa. Nikipita njiani watu walinyamaza kidogo, na mama mmoja aliwahi kunifungia maandazi ambayo sikuyaomba. Feza aliyaona, akasema niyarudishe. Niliyarudisha, lakini nilinuna.

Mwezi wa mvua nyingi Feza alikwenda na baba yake kwenye ziwa la Tshangalele kutafuta samaki kwa wavuvi, siku nne, akaniachia ubao. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta kadi imesukumwa chini ya mlango wa duka. Iliandikwa kwa herufi kubwa: "Mikate ya Mama Mwansa wa Panda ina chokaa ya Kakontwe ndani ya unga. Ndiyo sababu ni myeupe. Mimi mama wa Panda." Haikuwa na jina. Mama Mwansa alikuwa mwokaji aliyesifiwa kuliko wote, kadi saba nzuri kwenye ubao wetu, na mume wake alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa Kakontwe. Juma lile matumbo yalikuwa yanasumbua watoto mtaani, bila shaka kwa sababu ya maji ya visima. Nilisimama na kadi mkononi, na tayari watu watano walikuwa wamekuja kusoma mapya. Nilijua sheria. Niliitundika. Nilijiambia kwamba kama ni kweli na nikaificha, nitakuwa nimewakosea watoto, na hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba nilitaka kuona sura za watu wakiisoma. Saa nne nilikuwa ofisini nayapiga taipu maneno yake kwa kukumbuka, nakala tatu.

Siku ya Jumatano Mama Mwansa alikuja dukani. Nilimtarajia akiwa na kelele, nikawa nimeandaa maneno. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. "Weye njo Léonie?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Unajua kusoma. Kuya basi, ujue na kuangalia."

Nilimfuata hadi kwake. Nyumba yake ilikuwa kama yetu, vyumba viwili, ila uani kulikuwa na tanuri ya pipa lililolazwa na kufunikwa udongo, na chini ya paa la bati meza ndefu. Juu ya meza mikate ilikuwa imepangwa safu kwa safu, ya Jumatatu, ya Jumanne, ya siku ile, na ya Jumatatu ilikuwa imeanza kupasuka kwa ukavu. Watoto wake walikuwa wanakula mkate uliolowekwa kwenye maji. "Siku ya tatu sasa," alisema. "Mukate na chai, mukate na sombe, mukate na maji. Leo nimeoka tena kwa kuzoea tu." Kisha akanionyesha mfuko wa unga, akaufungua mbele yangu. Mume wake, Papa Mwansa, alitoka ndani akiwa na ndimu na kisu. Hakunisalimu. Alikwenda pembeni mwa uwanja, karibu na choo, akaleta kopo la unga wa mawe ya chokaa aliokuwa anamwaga chooni, akachota kijiko akakiweka kwenye sahani, akakamulia ndimu. Ile chokaa ilitoa povu na kulialia kama mafuta kwenye kikaango. Akachota kijiko cha unga wa ngano, akakamulia ndimu. Ukalowa tu. Akakata mkate wa siku ile, akakamulia. Ukalowa tu. "Jiwe ya Kakontwe haiwezi kujificha mbele ya ndimu," alisema. "Miaka kumi na saba niko naikata. Ungekuja kuuliza, ningekuonyesha kabla ya kuandika." Akaingia ndani. Mama Mwansa alinipa mkate mmoja nikale njiani. Sikuweza kuukataa, sikuweza kuula, nikatembea nao mkononi mpaka Kikula.

Niliing'oa kadi kwenye msumari, na nilipoigeuza ndipo nilipoona mgongo wake. Kadi zote za dukani zilikuwa na mistari ya njano nyuma, za vipuri. Hii ilikuwa na mistari ya kijani, na maneno yaliyochapwa ya zahanati: jina la mgonjwa, dawa, kipimo. Boksi la kadi hizo lilikuwa moja tu, chini ya kitanda changu. Niliketi kwenye kizingiti cha duka. Mama yake Feza aliniuliza kama naumwa, nikasema ni jua.

Siku hiyo Tantine alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo, na samaki mkavu, chakula cha siku nzuri. Nilikula kidogo, kisha nikaiweka kadi mezani, upande wa kijani juu. Aliitazama, akaendelea kufinyanga tonge lake la bukari, akalimeza. Nilimwambia habari za ndimu.

"Kopo ya chokaa niliiona na macho yangu," alisema mwishowe. "Nilienda kuomba moto, nikaiona."

"Karibu na unga, Tantine?"

Alinawa vidole bakulini. "Karibu na choo," alisema. "Ile ingine ya pale kwenye karatasi njo niliongeza minye." Kisha akasema kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyosikia. "Unaandika kila mukate ya hii mji. Yangu hauandike. Unakula, unanyamaza. Ile kunyamaza yako njo ilinijulisha ni mubaya." Alikuwa anatazama mikono yake. Nilitaka kumkasirikia, na nilimkasirikia, lakini hasira ilikuwa haina pa kukaa, kwa sababu aliyeitundika kadi alikuwa mimi.

Feza alirudi kesho yake, ananuka samaki na moshi. Nilimweleza yote. Aliuliza kama kuna mtu mwingine anayejua kuhusu Tantine, nikasema hakuna. Aliendelea kutenga samaki wakubwa na wadogo. "Jina ya tantine yako hatuandike," alisema. "Yeye alileta karatasi. Mulango ni wetu. Lakini kung'oa haitoshi, Léonie. Bale balisoma Jumatatu hawatarudi kusoma kama ni uongo." Nikamwuliza tufanye nini. "Ulienda wapi na ile nakala?" Nikamtajia: parokia, kituo, Kambove. "Basi utaenda kule kote. Na miguu yako."

Niliandika kadi, nikatia jina langu: "Nilitundika kadi bila jina na bila kuuliza. Mikate ya Mama Mwansa haina chokaa. Nimeona. Mwenye kosa ni mimi, Léonie." Jumapili nilisimama mlangoni mwa parokia ya Panda baada ya misa ya pili, na sinia la mikate ya Mama Mwansa, sahani ya chokaa na ndimu. Niliisoma kadi kwa sauti. Nilikamua ndimu. Nilikula mkate mbele yao. Wengine walicheka, mwanamume mmoja akauliza Mama Mwansa amenilipa nini, wanawake wawili walinunua. Ijumaa Papa Ramazani alinisimamisha nje ya msikiti, akasimama kando yangu kwa kanzu yake nyeupe, akala kipande polepole bila kusema chochote, na hilo lilisaidia kuliko maneno yangu. Nilikwenda kituoni. Nilikwenda Kambove juu ya lori la bluu, nikishikilia sinia kwa mikono miwili kwenye mashimo. Niliendelea hivyo majuma saba. Nilijifunza kwamba watu hawapendi kurudishiwa kile walichokwisha kuamini; wanakutazama kana kwamba unawanyang'anya. Lakini mmoja alionja, kisha mwingine, kisha watoto wakaanza kunitangulia wakiimba habari za ndimu.

Kwa Tantine niliandika kadi pia, mwezi uliofuata, nikamsomea kwanza mezani: "Mikate ya Odile wa Panda: mizito, imeungua chini. Anajifunza." Alisema, "Acha 'anajifunza'." Nikasema ni kweli. Tukaitundika. Juma lile tanuri yake ilipasuka kwa mvua, ukuta mmoja ukaanguka ndani. Alikaa siku mbili na unga uliochachuka, kisha siku ya tatu alibeba beseni la donge kichwani, amelifunika kwa kitenge, akaniambia nimsindikize. Hakusema wapi. Tulipofika kwa Mama Mwansa alisimama nje, hakuweza kubisha hodi, nikabisha mimi.

Mama Mwansa alitazama beseni, akalipokea, akabonyeza donge kwa kidole. "Maji ni mingi," alisema. "Na chumvi unatia mapema." Wakaketi wote wawili kwenye meza ile ndefu wakaanza kukata na kuviringa, magoti yakigusana, Tantine akifuata mikono ya mwenzake kwa macho kama mwanafunzi wa kwanza. Walizungumza juu ya kuni na bei ya hamira. Mikate ilipoingia tanurini Tantine alikwenda bombani kunawa, nikabaki na Mama Mwansa peke yetu mbele ya moto. Nilikuwa nimebeba jambo lile kwa miezi miwili, nikaona nilifungue. Nikasema, "Mama, ile kadi..."

"Najua," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Ile juma muntu moja tu njo aliingia mu uwanja yangu kuomba moto."

Nilimwuliza kwa nini basi alikuja dukani akanichukua mimi, akanionyesha unga, akakaa majuma yote yale bila kumtaja.

Alisukuma kuni ndani zaidi, akafunga mlango wa pipa kwa kitambaa.

"Ningekuambia," alisema, "ungeandika."

Tantine alirudi akijifuta mikono kwenye kitenge, akauliza kama imeiva. Mama Mwansa akamwambia bado kidogo, akamsogezea kigoda.